Uzi Kwanza au Patani Kwanza? Jibu kwa Anayetaka Kumfumia Mama Yake Sweta

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekwisha kufuma skafu 3 na kofia 2, na sasa nataka kumfumia mama yangu sweta yenye mikono mirefu. Nilipouona uzi wa pamba wenye rangi zinazobadilikabadilika nilishindwa kujizuia, nikanunua madonge 8 ya gramu 50 kila moja. Lebo inasema kila donge lina mita 85, na kwamba vitanzi 18 hutoa upana wa sentimita 10 kwa sindano za milimita 5. Baadaye nikapata patani niliyoipenda sana, ina misuko mitatu kifuani (vitanzi vinavyopishanishwa kama nywele za kusuka), lakini yenyewe inataka madonge 11 ya uzi wa sufu ya gramu 50 yenye mita 120 kila moja, vitanzi 22 kwa sentimita 10, na sindano za milimita 4. Kifua cha mama ni sentimita 104. Je, naweza kuifuma kwa uzi nilio nao? Na siku nyingine, nianze kuchagua uzi au patani?

Jibu: Marahaba. Umenirahisishia kazi kwa kuandika vipimo, maana wengi huniletea jina la rangi tu kisha wakasubiri jibu. Nami nitakujibu bila kuzunguka: usiifume patani hiyo kwa uzi huo. Uzi wako hauna kasoro na patani yako haina kasoro, ila hivi viwili haviwezi kukaa nyumba moja, na sababu ziko nne: unene wa uzi, urefu wake, tabia ya pamba, na rangi. Nitazieleza kwa mpangilio huo, kwa sababu ukizielewa hizo nne, swali lako la pili litakuwa limekwisha kujijibu nusu.

Tuanze na unene. Madonge mengi ya uzi huwa na alama ndogo yenye namba kuanzia 0 hadi 7, ambapo 0 ni uzi mwembamba kabisa wa kufumia shali zenye matundu, na 7 ni uzi mnene kama kamba. Uzi wako upo kwenye namba 4, ambayo kwa kawaida hutoa vitanzi 16 hadi 20 kwa sentimita 10, ilhali patani yako imeandikwa kwa uzi wa namba 3, ambao hutoa vitanzi 21 hadi 24. Ukitazama kwa macho, tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini hesabu haina huruma. Tuseme umechagua saizi ambayo sweta ikikamilika itakuwa na mzunguko wa kifua wa sentimita 112, yaani kifua cha mama pamoja na sentimita 8 za nafasi ili nguo isimbane. Kwa vitanzi 22 katika kila sentimita 10, mzunguko huo unahitaji vitanzi 246. Sasa fuma vitanzi hivyohivyo 246 kwa uzi wako unaotoa 18, nawe utapata sweta yenye mzunguko wa karibu sentimita 137, ambayo mama yako anaweza kuivaa pamoja na wewe ndani yake.

Hata mwenye uzi sahihi hapaswi kuipuuza hesabu hii. Mtu anayelegeza mkono akapata vitanzi 20 badala ya 22 atamaliza na sweta ya sentimita 123, na anayekaza akapata 24 atamaliza na ya sentimita 102 na ushei, ambayo ni ndogo kuliko kifua chenyewe. Vitanzi viwili tu, juu au chini, ndivyo vinavyotenganisha nguo na majuto. Kwenye skafu hukuliona jambo hili kwa sababu skafu haina shingo ya kupita wala kwapa za kukaa mahali pake, na kofia nayo hunyumbulika ikasamehe mengi. Sweta haisamehi.

Huenda ukafikiri kwamba utatumia sindano nyembamba zaidi ili uulazimishe uzi huo mnene utoe vitanzi 22. Inawezekana kufanya hivyo, na namba utaipata, lakini kitambaa kitakachotoka kitakuwa kigumu kama mkeka na hakitaanguka vizuri mwilini. Ndiyo maana kipimo cha vitanzi peke yake hakitoshi: lazima ukipate kipimo hicho na wakati huohuo kitambaa kiwe laini kiasi unachokitaka. Uzi unaokupa namba sahihi huku kitambaa kikiwa kibaya si uzi wa patani hiyo.

Njia ya kulijua hilo ni kipande cha majaribio, jambo ambalo wafumaji wengi hulikimbia, nami sioni aibu kusema kwamba nililikimbia kwa miaka. Anzisha vitanzi vya kutosha kupata kipande cha upana wa sentimita 15 hivi, kwa uzi uleule na sindano zilezile utakazotumia, ukafume mpaka kipande kiwe cha mraba. Usikipime kikiwa bado kwenye sindano. Kifue jinsi sweta yenyewe itakavyofuliwa, kilaze kikauke bila kukivuta, kisha weka rula katikati, mbali na kingo kwa sababu kingo hujikunja na kudanganya, uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Hesabu na nusu vitanzi, usiviache: nusu kitanzi katika kila sentimita 10, ukizunguka kifua chote, ni zaidi ya sentimita 2. Vitanzi vikizidi vya patani, ongeza unene wa sindano, vikipungua, upunguze. Patani ikisema kipimo kimechukuliwa kwenye misuko, nawe fuma kipande chako kwa misuko, kwa kuwa misuko hukivuta kitambaa kikawa na upana mdogo kuliko ufumaji wa kawaida.

Na hapo kwenye sindano, tahadhari moja fupi. Fuata milimita, usifuate namba. Sindano namba 8 katika patani za zamani za Uingereza ni milimita 4, na namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Jina ni moja, nguo ni mbili.

Sasa urefu. Patani inataka madonge 11 ya mita 120, yaani mita 1,320. Wewe una madonge 8 ya mita 85, yaani mita 680, zaidi kidogo ya nusu tu. Ni kweli kwamba uzi mnene huhitaji mita chache kwa sababu kila kitanzi hufunika eneo kubwa zaidi, lakini hata hivyo sweta ya mtu mzima yenye mikono mirefu, kwa kifua cha mama yako, itakutaka karibu mita 1,000 za uzi wa unene huo, na misuko huongeza matumizi kwa kuwa inakula uzi bila kuongeza upana. Zoea tangu leo kuhesabu uzi kwa mita. Gramu hukwambia uzito wa mzigo, hazikwambii utafika wapi: gramu 50 za pamba huwa na mita chache kuliko gramu 50 za sufu ya unene uleule, kwa sababu pamba ni nzito. Anayebadilisha uzi kwa kulinganisha idadi ya madonge peke yake ndiye anayejikuta amefika kwenye mkono wa pili na hana uzi.

Akikimbilia kununua donge moja zaidi, atakutana na tatizo jingine. Kila lebo ina namba ya rangi na pembeni yake namba ya mpiko, yaani ule mkupuo mmoja ambao nyuzi zilitiwa rangi pamoja. Rangi ileile ya mpiko mwingine inaweza kuwa imekolea kidogo au imepauka kidogo, na dukani huioni tofauti hiyo mpaka mkono mmoja uwe umeshonwa kwenye kiwiliwili. Nunua uzi wote siku moja, wa mpiko mmoja, na uongeze donge moja la akiba. Ukilazimika kuchanganya, fuma mistari miwili kwa donge la kwanza na miwili kwa donge la pili, ukipokezana, ili mpaka kati yao usionekane kama mstari uliochorwa.

Jambo la tatu ndilo ambalo ningependa ulishike zaidi, nalo ni tabia ya nyuzi. Miaka ya mwanzo ya kufuma kwangu nilijifumia sweta ya pamba kwa patani ya sufu, ndefu kidogo kuliko kawaida, nayo ilikuwa na misuko kama hiyo unayoipenda. Asubuhi nilipoivaa ilinikaa vizuri, upindo ukiwa juu ya nyonga na mikono ikiishia kwenye vifundo vya mkono. Kufikia jioni upindo ulikuwa umeteremka, na mikono imefika kwenye vidole, nikawa naikunja kila baada ya dakika chache kama mtoto aliyevaa nguo ya kaka yake. Nilidhani nimekosea hesabu. Hesabu ilikuwa sawa, isipokuwa niliisahau pamba.

Unywele wa sufu una mawimbi madogo ya asili, kama springi: ukiuvuta hunyooka, ukiuachia hurudi. Ndiyo maana mbavu za sufu kwenye pindo, yaani ile mistari ya vitanzi inayoinuka na kuzama kwa zamu, hushika kiuno na kuendelea kukishika, na misuko hubaki imesimama. Sufu pia hunyonya unyevu unaofikia karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa imelowa. Pamba haina springi hiyo. Ukiivuta inabaki pale ulipoivuta, na sweta nzito ya pamba hujivuta yenyewe kwa uzito wake. Ina sifa zake nyingine, kwani haiwashi ngozi, ni baridi mwilini, na ikilowa huwa imara zaidi kuliko ikiwa kavu, hivyo huvumilia kufuliwa mara nyingi. Lakini patani yenye mbavu ndefu na misuko mizito imeegemezwa juu ya kunyumbulika, na pamba hainyumbuliki.

Nyuzi nyingine nitazipitia haraka. Alpaka, yaani manyoya ya mnyama wa jamii ya ngamia, ina joto jingi na huanguka vizuri, lakini nayo hulegea, kwa hiyo naipendekeza kwa shali kuliko sweta nzito. Kitani huanza kikiwa kigumu na hulainika kadiri kinavyofuliwa. Moheri, uzi wa manyoya ya mbuzi, ina manyoya marefu yanayoshikana, hivyo ukikosea, kufumua ni mateso. Mwanafunzi akae mbali nayo. Akriliki ni nyepesi, hufuliwa bila masharti, na mtu asidharau hilo, lakini ukiipiga pasi ya moto hupoteza uhai wake, ikalegea kama kitambaa kilicholowa, wala hairudi tena. Soksi zinataka sufu iliyochanganywa na nailoni, mara nyingi asilimia 75 kwa 25, kwa sababu kisigino hulika.

Ukiwa na donge mkononi unaweza kujifunza mengi kabla ya kulipa. Toa ncha ya uzi kama urefu wa shubiri, uivute taratibu kwa mikono miwili, kisha uilegeze: ikirudi fupi kama ilivyokuwa, uzi huo una springi; ikibaki ndefu, jua itakavyokuwa sweta yake. Kisha izungushe ncha hiyo kinyume cha msokoto wake mpaka ifunguke, uhesabu nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja. Uzi wa nyuzi 3 au zaidi huwa wa duara, na duara hiyo ndiyo inayofanya misuko ijitokeze kana kwamba imechongwa. Uzi wa nyuzi 2 hulala bapa zaidi, jambo linalofaa ufumaji wa matundu. Uzi wa kamba moja isiyosokotwa sana ni laini kwelikweli, unakubembeleza ukiwa dukani, lakini kwapani na mbavuni hutoa vipira vya manyoya ndani ya muda mfupi. Mwisho, bonyeza donge chini ya kidevu, kwenye ngozi ya shingo, ulishike hapo kwa dakika nzima. Kiganja ni kigumu na hakikwambii ukweli, shingo haidanganyi. Kinachowasha kwa kawaida ni ncha za nywele nene, zile zinazopita mikroni 30 hivi, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Merino nzuri ya nguo, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, huwa karibu mikroni 17 hadi 22, ndiyo maana wengi wanaosema hawawezi kuvaa sufu huivaa merino bila kulalamika.

Swali la nani atafua ni muhimu kuliko linavyoonekana. Sufu ya kawaida ikikutana na maji ya moto, sabuni na kusuguliwa, magamba madogo yaliyo juu ya kila unywele hunasana, nguo ikagandamana na kusinyaa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kama mama yako hupeleka kila kitu kwenye mashine, mnunulie sufu iliyotibiwa ili ifuliwe kwa mashine, ambayo magamba yake yameondolewa au kufunikwa, na lebo yake itasema hivyo. Ila nayo ina tabia ya kutanuka ikilowa, na hapo utakumbuka kwa nini nilisisitiza kipande cha majaribio kifuliwe kabla ya kupimwa. Na kama sufu yoyote humuwasha, mchanganyiko wa pamba na akriliki utamfaa kuliko pamba tupu kwa patani hii.

Kuhusu rangi sitasema mengi, kwa sababu hili ukilijaribu mara moja utaliona kwa macho yako. Misuko huonekana kutokana na kivuli kinachoanguka kati ya kitanzi kilichoinuka na kilichozama. Rangi zinapobadilika kila baada ya sentimita chache, jicho hufuata rangi na kukisahau kivuli, na misuko mitatu uliyoihangaikia mwezi mzima hugeuka kuwa vurugu. Rangi moja, na hasa rangi nyepesi, ndiyo inayoonyesha kazi ya mkono. Rangi nyeusi na bluu nzito huficha misuko vilevile, na kuzifuma usiku ni kuyaonea macho. Uzi wa rangi nyingi unataka ufumaji mtulivu, wa vitanzi vya kawaida, ambao wenyewe hauombi kutazamwa.

Basi, uzi upi ufaao? Tafuta sufu ya rangi moja, ya nyuzi 3 au zaidi, yenye lebo inayosema vitanzi 22 au karibu sana na hapo, na yenye mita karibu 120 kwa gramu 50. Vipimo hivi viwili vikilingana na vya patani, uko salama hata kama jina la uzi ni jingine kabisa. Ukiupata wenye mita 110, gawanya 1,320 kwa 110 upate madonge 12, kisha ununue 13.

Kabla hujanunua, hata hivyo, irudie patani yenyewe uisome kama mkataba. Angalia kama saizi zimetajwa kwa kipimo cha mwili au cha nguo iliyokamilika, maana tofauti yake ndiyo zile sentimita 8 nilizozitaja, na patani inayotaja "kubwa" na "ndogo" bila sentimita haistahili muda wako. Angalia kama ina mchoro wenye vipimo vya urefu wa mkono, kina cha kwapa na upana wa mabega. Angalia pia inavyojengwa. Ile inayofumwa vipande vinne kisha kushonwa hutoa nguo imara, ila kosa hulijui mpaka mwisho. Kwa sweta ya kwanza ningefurahi kukuona ukifuma ya raglani, yaani yenye mikono inayoungana na kiwiliwili kwa mistari ya mshazari kutoka shingoni hadi kwapani, inayoanzia shingoni kushuka chini kwa mzunguko, kwa kuwa mama anaweza kuijaribu ikiwa bado kwenye sindano, nawe ukaongeza urefu pale unapokosekana. Kama patani yako ya misuko ni ya vipande, sikukatazi. Fuma mkono kwanza, kwa kuwa ni kipande kidogo na kitakuwa jaribio la pili la kipimo chako.

Sasa swali lako la pili. Kwa nguo yenye vipimo vya mwili, anza na mvaaji: ataivaa wapi, ataifuaje, ngozi yake inakubali nini. Majibu hayo yatakuelekeza kwenye patani, nayo patani itakutajia uzi. Kwa shali, skafu na blanketi, ambako sentimita 5 za ziada hazimdhuru mtu, ni halali kabisa kuupenda uzi kwanza kisha ukautafutia kazi. Wafumaji wote tuna sanduku la nyuzi tulizozinunua kwa macho, na sijawahi kukutana na aliyefanikiwa kuacha.

Kwa hiyo usiyauze madonge yako 8. Mita 680 huenda zikatosha kizibao kisicho na mikono cha saizi ndogo au ya kati, kilichofumwa kwa vitanzi vya kawaida, kifupi ili kisijivute, na ambacho pindo zake si za mbavu. Chagua patani iliyoandikwa kwa pamba ya vitanzi 18, ulinganishe mita kabla ya kuanza. Usipopata inayokufaa, mfuko wa kubebea vitu utaufurahia uzi huo, mradi mishikio uifume kwa kukaza sana, la sivyo itarefuka kama ilivyorefuka mikono ya sweta yangu.

Na kama unataka sweta ya mama iwe zawadi asiyoitarajia, usimfuate na tepu. Mwombe au muibie kwa saa moja sweta anayoipenda kuivaa, ilaze mezani bila kuivuta, upime kutoka kwapa hadi kwapa na uzidishe mara 2. Kisha pima urefu wa mkono kutoka kwapa hadi pindo, na urefu wa kiwiliwili kutoka bega hadi chini. Vipimo hivyo vitatu viandike pembeni mwa patani, na saizi utakayoifuma ichague kwa kuviangalia hivyo, hata kama saizi hiyo haitalingana na ile uliyoidhania ulipopima kifua chake.